Ngome ya Karatasi Mbele ya Wakwe

Aibu hii naisema mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa dada yangu Kulwa, maana yeye kila akiisimulia anaongeza chumvi, na hata bila chumvi inatosha.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu kule Magu, nikaja mjini na kandambili, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Buswelu na nyumba niliyojenga kwa jasho langu, sikupewa na mtu. Sasa mtu wa namna hiyo ukiambiwa anajifungia na mkasi kukata vijumba vya karatasi, utaamini? Ndivyo ilivyo. Mwaka juzi nilivunjika mguu, nikakaa ndani mpaka nikawa mkali kwa kila mtu, ndipo binti yangu Sabina akaniletea karatasi ngumu zilizochapwa majengo ya Wazungu wa zamani, ya enzi za wafalme wa kupigana kwa mapanga: unakata, unakunja, unagandisha kwa uji mzito wa muhogo, na jengo linasimama. Mguu ukapona, mkasi sikuuacha. (Waliojua ni Sabina na mama yake tu. Wengine waliambiwa mzee anapumzisha mguu.)

Siku ya posa ya Sabina, wazee wa upande wa kijana walitoka Sengerema wakitarajiwa saa tano, wao wakafika saa nne. Juu ya meza ya sebuleni palikuwa na ngome yangu, minara minne, ukuta wenye meno juu, lango la kupandisha na kushusha, kazi ya miezi miwili.

"Wako getini," mke wangu akasema. "Toa hicho kidude chako."

"Kiache, baba," Sabina akasema. "Ni kizuri, wakione."

Ningemsikiliza yule mtoto nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi nionekane nacheza na makaratasi mbele ya wakwe? Nikaibeba mbio mpaka stoo, nikakuta tenga jipya tupu, ngome ikaingia sawasawa, nikalifunika kwa kanga iliyokuwa pale, nikarudi kuvaa koti. Sikuona kwamba nyuma ya mlango kulikuwa na tenga la pili, nalo limefunikwa kanga.

Katika ukoo wetu, ng'ombe wakishakubaliwa, shangazi wa binti huleta tenga lililofunikwa akaliweka miguuni mwa wageni bila kusema neno, na kilichomo ndicho neno lenyewe, wanakisoma wao. Ukiwawekea mchele na samli, umewaambia karibuni, tumekuwa ndugu. Kulwa ndiye aliyekuwa ameandaa huo mchele na kibuyu cha samli.

Basi mazungumzo yakaenda vizuri, ng'ombe wakakubaliwa, Kulwa akaingia na vigelegele, akaweka tenga chini mbele ya mshenga, Mzee Lutema, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Nikaona tenga limekuja kirahisi mno mikononi mwa mwanamke mwenye mgongo mbovu. (Baadaye alisema, "Niliona jepesi, nikadhani mmebadilisha mkaweka kitenge.") Mzee Lutema akafunua kanga.

Aliitoa ngome kwa mikono miwili kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni, akaizungusha, akachungulia langoni. Wenzake wakainama kutazama. Kisha akaniuliza taratibu, "Baba Sabina, hili ndilo neno lako?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu. Lakini watu kumi, wote wananitazama, na mimi ndiye ninayewafokea vijana wa mtaa kwa kucheza drafti mchana. Nikatikisa kichwa, wala mpaka leo sijui nilikitikisa kwa kukubali au kukataa.

"Tunaomba nafasi tukatete," akasema.

Wakatoka uani na ngome yangu. Nikawaona dirishani, mmoja anahesabu minara kwa kidole, mwingine ameshika kiuno. Mke wangu akaninong'oneza, "Sema." Nikamwambia nyamaza. Sabina alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, sinia la soda mkononi, ananitazama mimi.

Wakarudi, hawakukaa.

"Mzee mwenzangu, tumelisoma," Mzee Lutema akasema. "Unataka kijana amjengee binti ghorofa kwanza, tena la minara. Hatukulaumu, wewe ni mtu wa majengo. Ila kijana wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi chumba na sebule. Turuhusu tuwahi kivuko, tukatafakari nyumbani."

Kila mtu mzima anajua kutafakari kwa namna ile ni kwenda bila kurudi. Sabina akaweka sinia chini, akageuka.

"Ni mchezo wangu," nikasema.

"Nini?" Mzee Lutema akauliza.

"Nimekata mwenyewe. Kwa mkasi. Huwa nakata." Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto aliyekojoa kitandani. "Nina nyingine tatu chini ya kitanda, na kanisa. Niliificha msinione."

Mzee Lutema akanitazama, akaitazama ngome, akanitazama tena. "Wewe? Na huo ukali wote?" Akakaa chini, akacheka mpaka akavua miwani, na wenzake wakamfuata, na Kulwa ndiye aliyecheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtafuta Sabina, nikamkuta jikoni anajifuta machozi kwa kanga, akaniambia, "Umechelewa sana, baba." Hilo tu.

Tenga la mchele na samli likapokelewa siku ile ile, Sabina akaolewa, na yeye na mwalimu wake wanakaa kwenye chumba na sebule yao. Huko Sengerema jina langu limekufa, naitwa Mzee Minara, na naitika. Siku hizi nakata karatasi barazani mchana kweupe, anayetaka kucheka acheke, maana nimeshaona kiburi changu kikikaribia kumnyima mwanangu nyumba, na sitathubutu tena kunyamaza huku mtoto wangu ananisubiri niseme.