Msimu Ujao, Baba

Sisi mafundi cherehani tunaishi kwa neno kesho. Mteja akija kuchukua gauni lake namwambia njoo kesho, na yeye anajua kabisa kwamba kitambaa chake hata mkasi haujakigusa. Anaondoka hivyo hivyo, kwa sababu mafundi wa Tabora mjini tuko namna moja, akinihama ataangukia kwa mwenzangu wa aina ileile. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka ishirini, kibarazani kwangu, bila aibu yoyote. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiniamini kila nilipotaja siku, naye alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mrina asali, kule Ipole. Kila msimu aliingia porini na wenzake, wakapiga kambi majuma kadhaa, wakarina mizinga ya magome waliyoitundika juu kabisa ya miti. Kila mzinga ulikuwa na alama ya mwenyewe, iliyochongwa kwa kisu. Alama ya baba ilikuwa mistari mitatu iliyosimama na mmoja wa kuikata. Mimi ndiye niliyemwomba, si yeye aliyeniomba. Nilikuwa nimechoka kushona sare za watoto wa watu, nikataka kitu changu mwenyewe. Nikamwambia nitaingia naye kambini anionyeshe miti yake yote, nijifunze kazi, na siku akichoka mizinga iwe yangu. Alifurahi mpaka akacheka peke yake kwenye simu. Tukapatana msimu ujao.

Msimu ulipofika nilikuwa nimezidiwa na sare, shule zinakaribia kufunguliwa. Uliofuata kulikuwa na harusi ukweni, Kwihara, na mkamwana hakosi harusi. Wa tatu nikasema sina nguo ya kunikinga na nyuki. Mimi, fundi! Nilinunua kitambaa kigumu cha kaki, nikakichora chaki, nikakikata, nikakibana pini, kisha nikakiweka juu ya kabati. Kikakaa huko.

Baba alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao ili anipigie. Namsikia bado, anahema kwanza, halafu ndipo anasema.

"Mwanangu, tunaingia Jumatatu. Unakuja?"

"Msimu ujao, baba."

"Haya, mama. Nitakungoja."

Misimu mitano ilikwenda namna hiyo. Hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana angenitukana ningekwenda.

Alifariki wakati wa masika, kifua kilimbana siku nne tu. Tukamzika Ipole. Hata mwezi haujaisha, kundi la nyuki likaingia kwenye dari ya nyumba yangu. Huku kwetu nyuki kuingia ndani ya nyumba si ajabu, na majirani wakaniambia nimwite mtu apulize dawa. Sikumwita. Nilikuwa nikisimamisha cherehani ili nisikilize. Mvumo ulikuwa palepale juu ya kichwa changu, haupandi haushuki. Mimi ni mtu wa kanisani, sina mambo ya mizimu, lakini mchana mmoja kweupe nilijisikia nikisema kwa sauti, "Msimu ujao, baba." Mteja niliyekuwa nikimpima kiuno akageuka akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia nahesabu inchi.

Nikienda Kwihara kwa wakwe nilikuwa nikiwaona wageni wanaokuja kutazama nyumba ya tembe aliyokaa mzungu msafiri wa zamani. Wanapita chumba kwa chumba wakinong'ona, wanagusa kuta kwa vidole kama watu wanaoogopa kumwamsha mtu. Zamani nilikuwa nikiwacheka. Mwaka ule sikuwacheka tena, nilipita haraka tu.

Msimu wa kwanza baada ya mazishi sikuingia porini. Nilisema niko kwenye majonzi, na hakuna mtu wa kumbishia mfiwa. Karibu na msimu wa pili akanijia mwenzake baba wa kambini, mzee ninayemwita baba mdogo ingawa hatuna damu moja. Alikuwa ameleta asali mjini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsogezea kigoda akakikataa.

"Mizinga ya baba yako inavuja asali juu ya miti," alisema. "Hatuigusi, ina alama yake. Lakini desturi ya kambi unaijua. Misimu miwili mwenyewe hayupo, na wa nyumbani kwake hawajaja, alama inakwanguliwa, mzinga anapewa mwingine. Mmoja umeshapita."

"Mnaingia lini?"

"Keshokutwa asubuhi."

Nikafungua mdomo, na neno likaja lenyewe. "Baba mdogo, labda msimu..."

"Usiniambie mimi msimu ujao. Mimi si baba yako."

Akaondoka hata maji hakunywa. Nilimkasirikia, nikapiga pasi nguo za watu kwa hasira mpaka nikaunguza ukosi. Nikawaza kisu kikipita juu ya ile mistari, unga wa gome ukidondoka chini, kisha hakuna popote duniani palipoandikwa kwamba baba alipita. Nikapanda kwenye kiti, nikakishusha kile kitambaa. Vumbi lilikuwa limeganda na pini zimeshika kutu. Nilianza adhuhuri, na muadhini alipoita alasiri suruali, koti na kofia yenye wavu vilikuwa mezani. Kazi niliyoikimbia miaka yote ile haikumaliza hata mchana mmoja. Halafu nikachana boksi, nikaandika Fundi kasafiri, nikalitundika mlangoni.

Basi lilinifikisha Ipole, na kutoka hapo tuliingia porini kwa miguu. Baba mdogo alitangulia bila kunisemesha. Kila alipofika kwenye mti wa baba alinyoosha kidole juu tu, nami naweka alama kwenye daftari na kugusa shina kwa kiganja. Kila niliposimama nilihisi kuna mtu nyuma yangu ameshusha mzigo anangoja nimalize. Niligeuka mara mbili. Mara ya tatu nikaacha kugeuka.

Siku ya pili tukapita kwenye mti mfupi wenye matawi ya chini. Baba mdogo hakunyoosha kidole. Mimi ndiye niliyeona, kwenye majani makavu pale shinani, magome yaliyoraruliwa yamelundikana, na kwenye gome moja mistari mitatu na mmoja wa kuikata.

"Na hii?"

Baba mdogo alirudi hatua mbili. "Hapo ndipo alipokuwa akikutundikia wewe. Usawa wa kifua. Tulimcheka mpaka tukachoka. Mzee aliyezeeka kwenye kazi hii anatundika mzinga chini, mahali ambapo nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, anafika bila hata kujinyoosha! Kila msimu anakuta umeraruliwa, kila msimu anatundika mwingine. Anatuambia, binti yangu anakuja, naye anaogopa kupanda."

Nilichutama nikayatenganisha yale magome, la zamani limeliwa na mchwa, la karibuni bado gumu. Yalikuwa ya mizinga mitano.

Ndipo nilipokumbuka. Mwaka wa kwanza, simu ilipokuwa inaendelea na mteja ananisubiri, nilimwambia baba, pamoja na sababu nyingine, kwamba hata hivyo naogopa kupanda miti. Nilisema ili tuagane haraka. Baba aliichukua sababu ile akaenda nayo porini akaifanyia kazi miaka mitano. Nami sijaogopa kupanda mti hata siku moja maishani mwangu.

Nilimwomba baba mdogo anipeleke kwenye mti mrefu kuliko yote. Nikavaa kofia, nikaning'iniza begani mwenge unaofuka moshi, nikazungusha kamba kiunoni na kwenye shina, nikaanza kupanda. Katikati machozi yakanijaa, na wavu haukuniruhusu kuyafuta, nikawa naona alama ya baba kwa ukungu tu. Chini baba mdogo alikuwa akipiga kelele, "Moshi kwanza! Taratibu, mama, moshi kwanza!"

Nilipoufikia mzinga nilishusha mwenge begani, nikapuliza moshi.