Supu ya Kondoo Kabla ya Kipimo

Mjukuu wangu alikuwa na miaka saba alipoanza kuamka na macho yaliyovimba. Nikadhani kaumwa na nyuki. Miguu nayo ilipovimba nikambeba mgongoni mpaka zahanati, na zahanati wakatutuma hospitali mjini. Huko wakamtoa damu, wakasema kuna kitu ndani yake kinaitwa kreatinini, ndicho kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, na chake kimezidi kidogo. Wakatupa dawa, wakamkataza chumvi, turudi baada ya wiki mbili wapime tena.

Sisi huku mlimani mtu akidhoofika anachinjiwa kondoo. Mama aliyejifungua, mzee aliyetoka kulazwa, wote tunawanywesha supu mpaka rangi irudi. Basi nikachinja. Siku tatu mtoto alikula nyama ya kuchemsha na supu yake, asubuhi na jioni. Hata asubuhi ya kipimo nilimsimamia na bakuli.

"Bibi, nimeshiba."

"Nani kakuuliza kama umeshiba? Kunywa."

Nilitaka wakiitazama hiyo damu waione ina nguvu.

Mama yake, binti yangu, anashona nguo Lemara, hukohuko mjini. Alitukuta hospitali. Nesi akamsimamisha mtoto ukutani, akampima urefu. Nikamuuliza, "Kwani figo ziko miguuni?"

Akacheka. "Bibi, bila urefu hesabu ya figo za mtoto haipigiki."

Nikarudi kukaa. Goti lilikuwa linaniuma na benchi halina pa kuegemea.

Majibu yalipotoka daktari hakucheka. Binti mdogo tu, ningeweza kumzaa mama yake. Alisema namba imepanda sana, na ikiendelea hivi itabidi tuzungumze habari za mashine ya kusafisha damu. Binti yangu akaanza kulia palepale.

"Mmempa dawa za kienyeji, bibi?"

"Hapana."

Na ni kweli, sikumpa hata mzizi. Nyama hakuniuliza. Nikakaa na jibu langu hilo, binti yangu analia, mtoto anamshika kitenge. Mimi si mtu wa kuomba radhi, wanaonijua wanajua. Lakini daktari alikuwa ameshashika kalamu, anaandika.

"Nimempa kondoo," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Lini?"

"Siku tatu. Na leo asubuhi."

"Mama!" binti yangu akaruka. "Umemlisha kondoo mzima?"

"Si mzima. Paja walichukua majirani."

Daktari akashusha pumzi. Akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, na sikumkasirikia. Hiyo kreatinini ni taka ya misuli, figo ndizo zinaitoa. Ndiyo maana wanapima urefu, kwa kuwa mtoto mkubwa ana misuli zaidi ya mdogo. Nyama iliyopikwa nayo inaipandisha, hata figo zikiwa zilezile za jana. Asile nyama siku tatu, arudi. Na safari hii atampima kitu kingine pia, sistatini, ambacho nyama haikibabaishi. Hicho damu yake inapelekwa mbali, tusubiri.

Tulirudi, wakamtoa damu, tukasubiri. Nilipalilia migomba, nilikwenda kanisani, nilipika uji usio na chumvi, na kila nilichofanya kilinichosha kabla sijakianza. Usingizi ndio kabisa. Mtu akiniuliza habari za mtoto nilijibu, "Yupo."

Siku ya majibu daktari aliweka karatasi mbili mezani. Kreatinini imeshuka, imerudi ilipokuwa mwanzo. Sistatini inasema vilevile: figo zinafanya kazi, ila ni dhaifu. Dawa ziendelee, damu ipimwe kila baada ya miezi mitatu, mpaka lini hajui. Mashine, kwa sasa, hapana.

Binti yangu akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa nahesabu miezi mitatu mitatu, na mteremko, na goti.

Mtoto akanivuta mkono. "Bibi, nimepona?"

"Hujapona," nikamwambia. "Ila mashine hatuendi. Vaa viatu."

Akavaa, kulia kushoto na kushoto kulia. Nikainama kumbadilishia, na kuinuka ikabidi nimshike bega.