Vizibo vya Darasa la Sita

Asiya, anayefundisha darasa la nne, anamjua mwalimu wa darasa la sita kwa mlio wa mfuko wake. Mtu huyo hatulii. Watoto wakishaenda huzunguka darasani, vidole vyeupe kwa chaki, vizibo vya soda vikigongana mfukoni hata anaposalimia. Alasiri moja alikuwa amemwaga vizibo vingine mezani, kila kimoja kina namba ya mwanafunzi, akipanga mchezo wa kurudia kuzidisha na hesabu za sehemu kabla ya konkuru, mtihani wa kuingia sekondari. Alivisogeza, akavirudisha, akachungulia dirishani upande wa milimani, akavisogeza tena.

"Si uwagawe kwa mitaa, mwalimu," Asiya alimwambia. "Nyakabiga huku, Musaga kule. Zamani tulikuwa tunafanya hivyo."

Mkono wake ukasimama. "Apana, dada. Kwa mitaa wameshagawanyika." Alisema kwa sauti ya chini, jicho mlangoni. Kisha akawagawa kwa namba zao, witiri kushoto, shufwa kulia.

Asiya akahesabu kwa macho. Upande wa shufwa ulipungua watatu. "Na hawa wengine?"

"Hawajarudi tangu mtaa wao uhamwe, usiku ule wa risasi."

Akatia mkono mfukoni, akatoa vizibo vitatu vilivyong'aa kwa kushikwashikwa, akaviweka kila kimoja mahali pake.

"Zamu yao ikifika," akasema, "tutangoja kidogo."