Mtu Aliyeanguka Mbele ya Simba

Nyinyi vijana mnaobishana juu ya sinema mpaka mnanyang'anyana simu, kaeni chini kwanza. Sikuja kuwakataza. Mimi nilibishana kuliko nyinyi, nikashinda, na ushindi wenyewe ndio unaonitia aibu mpaka leo. Nilisoma darasa la tatu tu, shule ya misheni huko kwetu magharibi, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa. Ninayemwandika amekwisha kufa. Watoto wake ndio walioniomba niandike, ili watu wajue ilivyokuwa.

Nilikuja Nairobi nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, baba yangu amekufa, katika ile miaka ya Emajensi, serikali ya Waingereza ilipotangaza hali ya hatari. Nilipokewa na baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Alikuwa mtunza bustani kwa mzungu mmoja upande wa Muthangari, akikaa na mke wake, niliyemwita mama mdogo, na watoto wao wawili katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa. Mimi nilipata kazi ya yaya nyumba ya pili kutoka hapo, nikawa narudi kulala kwao.

Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, upande wa Dagoretti, na siku ya meza ya Bwana yeye ndiye aliyepitisha sahani ya mkate. Nataka mwelewe jambo hilo. Bustani ilikuwa ya mzungu, chumba kilikuwa cha mzungu, hata viatu alivyovaa vilikuwa vimechakazwa na mzungu kwanza. Uzee wa kanisa ulikuwa wake mwenyewe. Jumamosi alipiga koti lake pasi mara mbili, na hakuna aliyeruhusiwa kulishika mpaka Jumapili ipite.

Sikuwa nimemaliza hata mwezi pale lilipokuja lori. Watu wa sinema kutoka ng'ambo walikuwa wanapiga picha nyikani nje ya mji, na walitaka Waafrika wa kukimbia na mikuki. Yule mzungu akawaazima wafanyakazi wake wawili kama mtu anavyoazima toroli. Baba mdogo hakuulizwa. Aliambiwa panda, akapanda.

Alirudi siku ya nne, amepakwa masizi na mafuta mekundu mpaka ndani ya masikio. Mama mdogo alimsugua kwa brashi ya sakafu, mimi nikileta maji, na nilisikia yote. Walimvua nguo. Walimfunga ngozi kiunoni na manyoya kichwani, wakamchezesha ngoma mbele ya kinyago, halafu wakamwambia aanguke kana kwamba simba amemrukia. Simba alikuwa mbali, kwenye kizimba. Alianguka mara saba kwa sababu mwenye kamera hakuridhika.

Kanisa letu lilikuwa linakataza hata ngoma ya harusi. Niliona mtu akitengwa kwa kutikisa mabega tu kwenye harusi ya dada yake. Mama mdogo alinigeukia na ile brashi mkononi.

"Hukusikia kitu," akasema.

"Sikusikia, mama."

Yakaisha hapo, kwa mwaka mzima na zaidi.

Sasa niwaambie juu ya sinema. Majumba makubwa ya katikati ya mji hayakuwa yetu. Tulipita nje tukatazama picha zilizobandikwa ukutani, tukaendelea na safari. Sisi tulikuwa na holi ya wafanyakazi, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Kwa sababu ya kafyu, picha zilionyeshwa Jumamosi alasiri, na ili giza lipatikane walipigilia mablanketi kwenye madirisha. Ndani kulinuka jasho na mafuta ya nywele, na mashine ililia kama cherehani. Wanaume wa panga waliruka kutoka meli moja hadi nyingine. Wengine walikimbizana kwa farasi juu ya treni inayokwenda. Wengine, huko msituni, walivuka madaraja ya kamba yanayokatika. Picha moja ilirudi mara tano, sita, nasi tuliirudia kila mara.

Mimi nilikuwa na kichwa cha kushika. Nikirudi nyumbani nilimhadithia mama mdogo na watoto picha nzima, tangu mwanzo, nikitumia sufuria kuwa meli na mwiko kuwa upanga. Mama mdogo alikuwa mtu wa wapanda farasi. Wale wa meli aliwadharau.

"Mtu anapigana amevaa shati la mikono mipana vile," alisema. "Nani anamfulia huko baharini?"

"Mama, wana watumishi."

"Basi niambie habari za mtumishi."

Baba mdogo hakukataza. Alikaa pembeni akinoa makasi ya ua, na mara moja moja aliuliza, "Na yule wa daraja, alifika ng'ambo?" Holini hakukanyaga hata siku moja.

Jumapili baada ya kanisa, wapishi, mayaya, madereva na watunza bustani wa sehemu ile walikaa kwenye nyasi karibu na njia panda, wakabishana. Kulikuwa na watu wa meli, watu wa farasi na watu wa msitu. Kila upande ulikuwa na stering wake, yule shujaa ambaye hafi hata akipigwa risasi kumi. Ubishi ukikwama, waliniita mimi. "Muulizeni yaya, yeye ana picha yote kichwani." Hebu fikirini, msichana wa miaka kumi na minane, na wanaume wenye ndevu wananyamaza wamsikilize. Nilipenda jambo hilo kuliko chakula. Nyumba niliyofanyia kazi waliniita kwa kengele. Pale kwenye nyasi niliitwa nikatoe hukumu.

Mtu mmoja tu hakunikubali: mpishi mmoja, mzee wa kutoka upande wa Ukambani, mtu wa msitu, mwenye kucheka kwa pua. Aliniita Msichana wa Nepi.

Basi ile picha ikaja. Wazungu watatu wanatafuta mlima ambako kumezikwa pembe za ndovu. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Katikati ya picha kukatokea kundi la watu wanaocheza mbele ya kinyago, na mmoja wao, amevaa ngozi na manyoya, akakimbia kuelekea kwetu, akageuka, akapiga kelele, akaanguka kifudifudi. Simba akaonekana. Kisha wakaonyesha mgongo wa yule mtu, hatikisiki, na kwenye bega la kushoto lilikuwepo kovu kubwa la uji wa moto, nililolijua tangu ile siku ya brashi.

Holi nzima ilicheka, maana alianguka vibaya, miguu juu kama kuku. Na mimi nilicheka. Ningeweza kuwaambia nilinyamaza, nanyi mngeamini. Nilicheka.

Kesho yake, kwenye nyasi, mpishi akaanza.

"Yule alikufa kabisa," akasema. "Si mchezo. Stering hafi kwa sababu ni mzungu. Yule wa manyoya waliona ni wa bure, wakamwachia simba."

"Hakufa, mzee," nikasema. "Picha ni uongo wa kupangwa."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini najua."

"Anajua." Akawageukia wengine. "Anabadilisha nepi za watoto wa watu, halafu anatufundisha simba."

Watu wakacheka. Nikaona hata wale wa upande wangu wanacheka. Dereva mmoja akasema, "Yaya, leo umeshikwa. Kubali tu."

"Sikubali."

"Kama yuko hai," mpishi akasema, "yuko wapi? Mlete hapa anywe chai."

Nilikumbuka brashi. Nilikumbuka uso wa mama mdogo, vizuri sana, na bado nikafungua mdomo.

"Chai anakunywa kwetu," nikasema. "Ni baba yangu mdogo. Jana alipalilia maua."

Nyasi zote zikalipuka kwa kelele. Walinishika mabega, wakanizungusha. Mpishi alivua kofia akaniwekea kichwani. Nilirudi nyumbani na ile kofia, nikiimba.

Kabla ya Jumatano watoto wa madereva walikuwa wakichungulia kwenye ua wa bustani na kumsalimu baba mdogo, "Marehemu, hujambo?" Yeye alijibu salamu. Alidhani wanakosea. Siku ya Alhamisi akaelewa. Mama mdogo aliniwekea chakula mbele yangu kama anavyowekewa mgeni, na hakukaa.

Jumapili, baada ya ibada, niliitwa ndani. Pasta alikuwa amekaa mezani pamoja na wazee watatu. Baba mdogo alisimama peke yake upande wa pili, na koti lake. Mlango ulikuwa wazi, na nje walisimama watu, wengi wao wale wa kwenye nyasi. Mpishi pia alikuwepo.

"Tumesikia maneno," pasta akasema. "Tumemuuliza mzee wetu. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anasema tukuulize wewe uliyeyasema."

Baba mdogo alinitazama. Mimi si mjinga, nilielewa. Mzee wa kanisa hawezi kudanganya mbele ya wazee wenzake, na hakutaka kudanganya. Lakini mimi nilikuwa msichana wa mdomo, mpenda sinema. Mimi ningesema, nilikuwa natania, nilitaka kumshinda mpishi, wangenigombeza, na kila mtu angekwenda kula. Alichohitaji kutoka kwangu ni maneno machache tu. Alisimama pale anayangoja.

Nami nikatazama mlangoni. Nikamwona mpishi ameinamisha kichwa, anangoja kucheka kwa pua. Nikisema ndiyo, mimi ni mtu anayeulizwa juu ya picha zote za Nairobi. Nikikana, ni Msichana wa Nepi, na mwongo juu yake. Hiyo ndiyo mizani niliyopima. Upande mmoja mtu aliyenipa pa kulala, upande wa pili nyasi.

"Ni yeye," nikasema.

"Una hakika? Watu hufanana."

Hata pasta alinifungulia njia. Nikaipita bila kuingia.

"Ana kovu la moto, bega la kushoto. Kwenye picha linaonekana."

Hakuna aliyemwambia avue. Hilo nataka liandikwe. Pasta aliangalia meza, wazee wakaangalia mikono yao. Baba mdogo mwenyewe alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalishusha, akawageuzia mgongo. Kule nyikani alivuliwa na watu wasiomjua. Hapa alivua kwa ajili yangu, ili mtoto wa ndugu yake asiitwe mwongo kanisani.

Mlangoni hakuna aliyecheka. Mpishi aliondoka, na hakuwahi kuniita Msichana wa Nepi tena. Hakuniita kitu chochote.

Walimwondoa katika wazee. Kwa mwaka mmoja alikaa benchi ya nyuma na hakupewa mkate. Alieleza baadaye kwamba aliamrishwa kupanda lori, nao wakamwambia angeweza kukataa kucheza. Labda. Hao waliosema hivyo hawakuwa na mzungu wala chumba cha kupoteza. Mwaka ulipokwisha walimrudisha mezani, lakini sahani alikuwa ameshapewa mtu mwingine, na haikumrudia.

Sikuomba msamaha. Niliendelea kukaa mle chumbani miezi minane, nikila chakula chao, na kila siku nilisema kesho. Siku moja nilimpelekea chai bustanini. Alikuwa amepiga magoti anang'oa magugu. Akapokea kikombe, akanywa, akasema bila kuniangalia:

"Ile picha mimi sijaiona."

"Ndiyo, baba."

"Nilianguka mara saba. Waliweka ipi?"

"Sijui, baba."

"Ya tano niliona ilikuwa nzuri. Nilianguka vizuri?"

Nilikumbuka miguu juu, na holi inacheka, na mimi ndani yake. "Vizuri sana, baba," nikasema. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akanirudishia kikombe. Hapo ndipo nilipaswa kupiga magoti kwenye yale magugu. Nilirudi jikoni kuosha kikombe.

Niliolewa, nikapata nyumba yangu huko huko Dagoretti, watoto wakaja, na miaka mingi baadaye televisheni. Wakairudisha ile picha jioni moja. Sikuwa nimewaambia watoto, lakini mambo ya ukoo husikika, na mwanangu wa pili alikuwa dirishani akibishana na watoto wa jirani waliokuwa wakitazama kwao. Walikuwa wanamzidi. Nikamsikia anavuta pumzi: "Nyinyi hamjui, yule mtu ni—"

Nilimshika mkono nikamkalisha. Nikazima televisheni, nikawaita wote, hata baba yao akaja akiwa na gazeti lake. Nikawaambia hivi, na sikurudia: Sinema mtatazama. Mtabishana mpaka sauti zikauke. Lakini hakuna mtu wa nyumba hii atakayetolewa nje kuwa ushahidi wa ubishi wenu. Ukiona unashindwa, shindwa, uingie ndani ule.