Yule Mgeni wa Karata pale Emali

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, Emali, miaka ya sabini, mchana jua likiwaka. Na sikuwa nimelewa.

Tulikuwa wanne nyuma ya bucha yangu tukicheza poka: mimi, rafiki yangu Kioko, Mutua dereva wa lori, na mgeni aliyesema ametoka Nuu kuuza mbuzi. Mtu wa sura nzuri, na sura yangu mnaiona. Dau langu lilikuwa fahali. Si fahali yeyote, ni yule niliyemfuga kwa mahari ya Mwende, mchumba wangu.

Basi nikageuka hivi, namwona Mwende mwenyewe amesimama nyuma yangu! Mwende aliyeokoka, asiyetaka hata kusikia karata zikitajwa, amekuja kuniona nikicheza! Aki, kifua kilinijaa furaha. Akaniwekea mkono begani. Halafu nikaona anamtazama mgeni, na mgeni anatabasamu. Wivu ukanipanda mpaka masikio yakawaka. Nikasema moyoni, leo huyu namwaibisha mbele yake.

Mkononi sikuwa na kitu, hata karata mbili za kufanana. Nikamweka fahali mzima, uso mkavu, kuwatisha tu. Kioko akatupa karata zake. Mutua akatupa. Mgeni akatazama juu ya bega langu, akasema polepole, "Nakufuata, ndugu yangu. Fungua."

Alikuwa na nini? Tatu mbili, jozi hafifu! Nani anafuata dau la fahali kwa tatu mbili?

"Huyu hajui mchezo," Kioko akasema. "Amekosea, bahati ikamwokoa."

Amekosea wapi? Anayekosea hatabasamu kwanza. Karata zilikuwa zangu, nilizichanganya mimi, na shati lake lilikuwa la mikono mifupi. Ilibaki njia moja tu: ameambiwa. Nikageuka kwa Mwende. Hayupo.

Nilikimbia hadi kanisani. Nikamkuta katikati ya kwaya, anaimba.

"Umemwambia bwana wako karata zangu!" nikapayuka.

"Ndugu, huyu hajatoka hapa tangu asubuhi," mwalimu wa kwaya akasema, na kwaya nzima ikaitikia. Niliwaita wote waongo. Mwende nilimtukana neno ambalo silirudii.

Akaniambia, "Nenda zako. Mimi na wewe tumemalizana."

Kurudi bucha, mgeni ameshaenda na fahali. Nuu niliuliza, hakuna anayemjua. Kioko anasema alimwona Mwende vizuri kabisa. Mutua, aliyekaa karibu nami zaidi, anaapa nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Mwende aliolewa Kibwezi na mkulima wa vitunguu. Naambiwa anacheka sana siku hizi, na mimi hiyo inaniuma mpaka leo, sifichi. Begani hapa pana baridi isiyoisha. Mke wangu akinigusa, naruka.

Kwa hivyo nisikilizeni. Ukimwona umpendaye mahali ambapo hajawahi kukanyaga, usikimbilie kufurahi. Mwite jina, ungoje aitike. Mimi sikumwita. Kwa ile furaha, niliinua karata zangu nikamwonyesha.