Hapa Hakuna Natasha

Mama alilipata jina langu kwenye gazeti kuukuu: Natasha, jina la malkia na mabinti wa kifalme huko Urusi. Alijivunia mno. Madam wangu wa Al-Safa, Jeddah, nilikokwenda kufanya kazi za ndani, alilisikia siku ya kwanza akakunja uso. Alikuwa ameishi Uturuki, na huko, akasema, ndivyo wanavyowaita wanawake wanaojiuza. Halingetamkwa nyumbani kwake. Kuanzia leo wewe ni Maryam, yalla, kazini. Nilichukia, lakini niliitika.

Simu yangu aliifungia kabatini, nikawa napewa Ijumaa tu. Kwa hiyo mama alipozidiwa hospitalini, kaka alipiga namba ya madam na kumwekea mama simu sikioni. Aliyepokea ni binti wa madam, mtoto wa miaka mitano. Mama akaomba kuongea na Natasha.

"Mafi Natasha," mtoto akasema, yaani hakuna mtu huyo, akakata.

Ijumaa nilipowasha simu, mama alikuwa ameshafariki.

Nilitaka kumchukia yule mtoto. Lakini hakudanganya. Ni mimi niliyemfundisha kuniita Maryam.