Feni ya Mzee

Juzi, joto lilipoanza kupanda, nilikaa kwa fundi feni pale mtaa wa Picha ya Ndege nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwa mama mtu mzima na feni yake ya mezani. Fundi akaifuta vumbi, akatia grisi, akaiwasha. Ikazunguka ikikwaruza taratibu, na upepo wake ukatuletea usingizi sote kibandani.

“Hiyo kelele naitoa sasa hivi, mama,” fundi akasema, akichukua bisibisi.

Mama akamshika mkono. “Iache, mwanangu. Mzee wangu haoni tena. Akiamka akaisikia, anajua yuko chumbani kwake, analala tena.”

Fundi akaiweka bisibisi chini polepole.

Mimi nilikuwa nimekwenda kulalamikia kelele ya feni yangu. Zamu ilipofika, nikamwambia aifute vumbi tu.